Nyuso Tano Zinatosha

Wajukuu zangu, ninyi wa nyumbani mnaniita Ba, watoto wa jirani huniita Kogo, na yote mawili naitika. Juzi mmoja wenu aliniuliza kwa nini nahangaika na ule mti wa nyuma ya jikoni ilhali haujawahi kuzaa hata tunda moja. Nilikuwa nakanda unga, nikamwambia nitamjibu. Leo namjibu, nanyi wengine sogeeni msikilize.

Mti ule ni rudraksha. Kwa Kisanskriti, Rudra ni jina la kale la Shiva, na aksha ni jicho. Wazee wetu walitusimulia kwamba Mahadev, yaani Shiva, alikaa katika tafakuri miaka mingi mno, akiwawaza viumbe na taabu zao. Alipofumbua macho, machozi yakamdondoka, na pale yalipoangukia ukaota mti. Kwa hiyo shanga ninazozihesabu kila alfajiri ni machozi, tena machozi ya huruma. Lishikeni hilo kabla ya mengine yote, maana wengi wanaozivaa siku hizi wamelisahau. Wanazivaa ili wapate viza, ili duka lichangamke, ili mchumba akubali. Naumia nikiona hivyo.

Asili yake ni mbali na hapa Eldoret. Huota kwenye miteremko ya Nepal, kaskazini mashariki mwa India, na visiwa vya Indonesia, ambako ndiko zinakotoka shanga nyingi zinazouzwa duniani. Maua yake ni meupe, kingo zake zimechanika nyuzinyuzi kama pindo la shali. Na tunda lake, laiti mngeliona! Ni la buluu inayong'aa. Mwaka 1991 mtaalamu wa mimea, David Lee, alieleza katika jarida la Nature kwamba ngozi ya tunda lile haina rangi ya buluu ndani yake. Ni tabaka zake nyembamba zinazourudisha mwanga hivyo. Mimi nilipolisikia hilo sikushangaa sana. Nilinyamaza tu, nikaukumbuka mwili wa Shiva unavyochorwa kwa buluu.

Ukilimenya tunda unakuta kokwa ngumu, yenye mikunjo, na mifereji inayoshuka kutoka juu hadi chini. Nafasi kati ya mfereji na mfereji ndiyo tunayoiita mukhi, yaani uso. Kokwa nyingi zina nyuso tano. Ukiikata katikati kwa msumeno mwembamba utakuta vyumba vitano ndani, kila uso na chumba chake. Zenye uso mmoja ni adimu, na penye uadimu hapakosi mjanja. Kijana mmoja wa jamaa yetu, simtaji, alinunua kwa simu kokwa ya uso mmoja kwa pesa zilizozidi kodi yake ya nyumba ya mwezi mzima. Aliniletea kwa furaha niibariki. Tuliiloweka kwenye maji ya moto, na baada ya muda gundi ikaachia, mikunjo iliyobandikwa ikabanduka mkononi mwangu. Sikumkaripia. Nilimpa kokwa moja ya nyuso tano kutoka kwenye mala, uzi wa shanga za sala, ya marehemu babu yenu, nikamwambia mantra ya Shiva ina silabi tano, naye ana nyuso tano za kuisemea. Atafute nini kingine?

Mala yenyewe ina shanga 108, na moja zaidi inayoitwa meru. Unaivuta kwa kidole gumba na kidole cha kati, ukifika kwenye meru huivuki, unaigeuza mala na kurudi ulikotoka. Jirani yetu wa Langas anayesali rozari, na yule fundi cherehani mwenye tasbihi ya shanga 33, wanajua vizuri ninachokisema. Vidole vikiwa na kazi, moyo hupata nafasi ya kutulia.

Sasa habari ya kuupanda, maana nataka mmoja wenu ajue kabla macho yangu hayajaniishia. Kwanza, mbegu haziletwi mfukoni. Mtu akisafiri kwenda India au Nepal asijifiche na kokwa ndani ya soksi. Kuna kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa Kenya, na cheti cha afya ya mimea kutoka kule, kwa sababu gonjwa moja la mimea likiingia kaunti yetu ya Uasin Gishu litawaumiza wakulima wa mahindi na ngano waliotulisha miaka yote hii. Kitu kitakatifu hakianzi kwa udanganyifu. Pili, kokwa ile ni ngumu kama jiwe. Unaisafisha nyama yote, unailoweka, unaipanda kwenye mchanga uliochanganywa na udongo wa msituni, halafu unasubiri. Inaweza kukaa miezi sita, inaweza kupita mwaka. Usifukue kuangalia! Nilifukua mara mbili, na mara zote mbili nilivunja kichipukizi.

Tatu ni baridi. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari, na mti huu hupenda joto na unyevu. Kwa kawaida watu huupanda chini ya mita 2,000. Sisi tuko ukingoni kabisa. Mche wangu wa kwanza niliupanda uwanjani mbele ya nyumba, mahali pa kuonekana na wageni, na baridi ya Julai ikauua. Wa pili nikauweka nyuma ya jikoni, ukuta unaukinga na upepo, na joto la meko linaufikia usiku. Huo ndio mnaouona. Kwenye joto mti huu huanza kuzaa ukiwa bado mdogo, miaka michache tu. Wangu una miaka kumi na mmoja na umetoa majani peke yake, yale yanayogeuka mekundu moja moja kabla ya kuanguka. Kule Hawaii, kisiwa cha Kauai, watawa wa Kihindu walipanda msitu wa miti 108 mwaka 1984, nao unazaa. Nawafurahia, lakini siwaonei wivu.

Msidhani kwamba kuuheshimu mti ni jambo tulilokuja nalo sisi Wahindi kwa meli na reli. Kabla mji huu haujaitwa Eldoret mwaka 1912, ulipokuwa bado Sisibo, shamba nambari 64, Wakalenjin walikuwa na mabwaita yao, matawi yaliyosimamishwa upande wa mashariki wa nyumba, wakamwomba Asis, Mungu wao, jua likichomoza. Mama mkwe wangu, akimwagilia tulsi, mmea wetu mtakatifu, uani alfajiri, alikuwa ameelekea upande huohuo. Mkiona mwanariadha anarudi nyumbani na kuvishwa shada la mmea wa sinendet shingoni, simameni kwa adabu. Ule si mmea wa mapambo. Na mwanamazingira Wangari Maathai alisimulia kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo kwa kuwa ni mti wa Mungu, na penye mugumo palikuwa na chemchemi. Watu mbalimbali, lugha mbalimbali, na kila mmoja alichagua mti wa kumzuia mkono.

Usiku wa Shivaratri, Februari au Machi, kiangazi kimekauka, tunamwaga maji na maziwa juu ya linga, alama ya Shiva, hekaluni hadi sakafu inateleza. Naipenda ibada hiyo na sitaki mwiache. Lakini usiku huohuo mizizi ya ule mti ina kiu, na hakuna anayeukumbuka. Kwa hiyo mimi hutoka hekaluni, huja nyumbani na sari yangu ya ibada, humwagia na mti pia, maana sioni tofauti.

Mwaka huu goti halinipi ruhusa ya kubeba maji. Wewe uliyeuliza, ndoo ya kijani iko karibu na mfereji. Ndoo mbili kila Jumamosi jioni, polepole, mbali kidogo na shina, na usimwage ya pili kabla ya kwanza kunywewa.