Kosa la Zumari

Mwanafalsafa Plato na mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, waliotenganishwa na zaidi ya miaka 1,400, walikutana katika kuuhukumu ukoo mmoja wa ala za muziki, ule unaopulizwa kwa ndimi mbili za utete, yaani vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja, ambavyo pumzi ikipita kati yake hufunguka na kufumba kwa kasi na kuitikisa hewa iliyomo bombani. Katika pwani ya Afrika Mashariki ala ya ukoo huo ni zumari, na katika Ugiriki ya kale ilikuwa aulosi, ambayo mpigaji alizipuliza mbili kwa pamoja, kila mkono ukishika bomba lake, na mara nyingi akajifunga ukanda wa ngozi mashavuni ili kuhimili nguvu ya upulizaji. Sauti yake ni kali na yenye kupenya, na mpigaji hodari anayevuta hewa puani huku akiisukuma iliyo mashavuni huweza kuiendeleza bila kuikatiza. Swali lililowashughulisha wenye hikima ni kama ubaya ulioshukiwa katika ala hiyo umo ndani ya sauti yenyewe au umo katika baraza linaloialika.

Plato, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, aliwafungia milango watengenezaji na wapigaji wa aulosi, kwa kuwa aliiona kuwa ala ya sauti nyingi mno, inayoweza kuiga kila hali ya moyo, ilhali mji mwema ulihitaji muziki wa hali chache, wa ushujaa na wa kiasi. Aliubakizia mji kinubi, na wachungaji wa mashambani akawaachia filimbi yao ya matete. Hukumu hiyo inadai kwamba sauti hubeba tabia kama maji yanavyobeba chumvi, na kwamba anayeisikia hana budi kuinywa.

Hata hivyo, ushahidi wa Ugiriki yenyewe hauiungi mkono. Mwanahistoria Thucydides ameandika kwamba katika vita vya Mantinea, mwaka 418 K.K., jeshi la Sparta liliwaendea adui polepole likifuata sauti ya wapiga aulosi wengi, ambao hawakuwekwa kwa ajili ya ibada bali ili hatua za askari zilingane na safu isivunjike. Ala iliyoshutumiwa kulegeza nafsi ndiyo iliyotumiwa kuzituliza nafsi za watu waliokuwa wakikikabili kifo. Naye Theophrastus, mrithi wa Aristotle katika shule yake, ameeleza jambo dogo lenye uzito mkubwa kuhusu matete ya ziwa la Orchomenos, huko Boeotia: enzi za upigaji wa kawaida yalikatwa karibu na mwezi wa Septemba, na ndimi zake zilihitaji kupigwa kwa muda mrefu kabla ya kulainika, lakini tangu zama za mpigaji Antigenidas, watu walipopenda mapambo katika muziki, ukataji ulisogezwa hadi katikati ya mwaka. Mmea ulikuwa uleule na ziwa lilelile. Kilichobadilika ni matakwa ya wanadamu, na tete likayafuata.

Ni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyelichambua suala hili kwa makini zaidi, katika mlango wa kitabu chake, Ihya Ulum al-Din, unaohusu usikilizaji wa muziki. Yeye pia aliharamisha mizumari na ala za nyuzi, lakini alikataa katakata kwamba sababu ni utamu wake, kwani utamu ungekuwa sababu, sauti za ndege nazo zingeharamishwa. Sababu, kwa maoni yake, ni kwamba ala hizo zilikuwa alama ya vikao vya walevi, na anayezisikia hukumbushwa kikao hicho na kukitamani. Filimbi ya mchungaji aliihalalisha, sawasawa na Plato, ingawa kwa hoja iliyo tofauti kabisa: haikuwa na uhusiano na ulevi. Hoja hii ina nguvu kuliko ile ya Mgiriki, kwa sababu inaitenganisha sauti na jamaa zake. Lakini kwa hakika inafungua mlango ambao mwenyewe hakuupitia, kwa kuwa alama hubadilika, na zumari inayolia katika harusi za pwani, miongoni mwa watu wa madhehebu yaleyale ya Shafi aliyoyafuata al-Ghazali, haimkumbushi msikilizaji kileo bali bwana na bibi harusi.

Kuna shutuma moja isiyojibiwa kwa hoja hiyo, nayo ni ya Aristotle. Katika kitabu cha nane cha Siasa anasema kwamba aulosi humzuia mpigaji kutumia neno, kwa kuwa kinywa kimezibwa, na kwamba mungu wa kike Athena, ambaye katika visasili aliitupa, yaelekea aliitupa kwa sababu haiilei akili, zaidi ya kukerwa na mashavu yake kuvimba. Shutuma hii ni nzito, kwa kuwa neno ndilo linalomtofautisha binadamu na mnyama. Lakini Aristotle anamtazama mpigaji kana kwamba yuko peke yake. Katika dhabihu za Wagiriki mpiga aulosi alipiga huku wengine wakiomba, na katika dithirambi, yaani wimbo wa kumtukuza Dionysos, waimbaji 50 wa Athens walimzunguka mpigaji mmoja na kuyatamka maneno ambayo yeye hakuweza kuyatamka, kwa mwendo aliowapa.