Akiba Haiozi?

Mwaka 2009 alinijia nyumbani, hapa Mkomaindo, bwana mmoja kutoka Dar es Salaam ambaye kazi yake ni kununua magari ya zamani. Alikuwa amesikia kwamba ninayo Datsun 1600 SSS, gari la mwendo wa kasi, na kwamba limelala bandani miaka mingi. Nikamfungulia banda. Akafuta vumbi kwenye kioo cha mita kwa kiganja chake, akainama, akasoma: 14,206. Akasoma mara ya pili. Kisha akaniuliza maswali mawili. La kwanza: "Mzee, hizi maili ni za kweli?" Nikamjibu kwamba ni za kweli. La pili: "Kwa nini limetembea kidogo hivi?" Nikamjibu kwa neno moja: "Lilitunzwa."

Alifurahi sana. Dada yangu, aliyekuwa ametuletea chai, aliweka sinia chini, akanitazama, akaondoka bila kusema neno. Tangu siku hiyo swali la yule bwana limekuwa likinirudia, kwa sababu jibu nililompa halikuwa uongo, lakini kweli yote halikuwa. Insha hii ni jibu ambalo nilipaswa kumpa.

Swali lenyewe lina maana. Siku hizi mtu akitaka kununua gari lililotumika Japani, jambo la kwanza analotazama ni tarakimu za mita. Zikiwa chache, moyo wake hutulia. Huko Japani sababu za uchache huo zinajulikana: watu wengi wa mijini huenda kazini kwa treni, na gari hukaguliwa kwa gharama kubwa, mara ya kwanza baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, hata wengi huona nafuu kuliuza kabla halijachoka. Lakini magari ya mbio ya zamani yana sababu zake zaidi. Kwanza, hula mafuta mengi, na vipuri vyake ni ghali na adimu. Pili, mwenye gari la namna hiyo mara nyingi ana jingine la kwendea sokoni, na lile la kasi hungoja siku njema ambayo haifiki. Tatu, wapo wanaolinunua ili lipande bei. Mwaka 1987 kampuni ya Buick ya Marekani ilitengeneza magari 547 ya aina iliyoitwa GNX, yenye nguvu kuliko ndugu zake, na si wachache waliyoyanunua wakayafungia ndani yakiwa mapya, wasiyaendeshe hata mwaka mmoja. Nne, mwenyewe hufa, au huhama, au huugua, na gari likasimama pale maisha yake yaliposimama.

Tena iko sababu ya tano, nayo ni ujanja. Mita ya tarakimu tano ikifika 99,999 hurudi sifuri, na mzee wa maili laki moja akawa mtoto mchanga. Waya wa mita hukatwa, na tarakimu hurudishwa nyuma. Kwa hiyo yule bwana alikuwa na haki ya kuuliza kama maili zangu ni za kweli. Lakini hata zikiwa za kweli, mita husema gari limetembea kiasi gani. Haisemi kwa nini halikutembea zaidi. Hilo hujulikana na watu waliokuwapo tu.

Mimi nilikuwapo. Gari lile lilikuwa la mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Sisi watu wa Masasi na Newala, Wamakua, Wayao na Wamakonde, tangu zamani tumehesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa desturi hiyo mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, na mpwa ndiye anayetazamiwa kurithi. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana nitalirudia.

Mjomba alikuwa fundi wa magari. Ujanani alifanya kazi Dar es Salaam, na huko alipata mapenzi ya mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, yale yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Alimjua kwa sura Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam na aliyeshinda kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na tena 1967. Mwaka 1970 mashindano hayo yaliposhindwa na Datsun 1600 SSS, mjomba aliapa kwamba siku moja atakuwa nayo. Mwaka 1972 mfanyabiashara mmoja wa asili ya Kihindi, aliyekuwa anahama nchi baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo, alimwuzia yake kwa bei ndogo kwa sababu alikuwa na haraka. Ilikuwa imetembea maili 11,000 na ushei.

Mjomba akaja nayo kijijini kwetu, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, upande wa kuteremkia Masasi. Miaka miwili tuliiona ikitembea. Nilipakiwa mara kadhaa, na mpaka leo nikifumba macho nasikia kabureta zake mbili zikivuta pumzi. Halafu petroli ikapanda bei duniani kote, mwishoni mwa mwaka 1973. Kukawa na miaka ambayo magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, na vipuri vilivyokuwa vikitoka Nairobi vikakatika. Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, magari ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda kusaidia jeshi. Usiku mmoja mjomba aliniita, tukaipandisha Datsun juu ya matofali, tukavua magurudumu na kuyaficha darini chini ya magunia ya korosho. "Itatufaa siku ya shida, mpwa wangu," aliniambia. "Akiba haiozi."

Siku ya shida ilifika Desemba 1983, wakati wa mvua za kwanza. Dada yangu alishikwa na uchungu jioni. Kufika usiku wa manane, mkunga akatoka nje na kusema kwamba mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe Hospitali ya Mkomaindo mara moja. Hakukuwa na gari jingine kijijini. Mjomba hakusita hata kidogo, nataka nilishuhudie hilo, maana wapo waliosema baadaye kwamba alilionea gari lake uchungu. Alikimbilia bandani na kandili. Tukateremsha magurudumu, tukayafunga. Mpira ulikuwa umepasukapasuka. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi. Tukaazima ya trekta. Petroli aliyoifukia kwenye debe ilikuwa imegeuka kitu cha kunata chenye harufu ya rangi. Tulipojaribu kusukuma, magurudumu ya nyuma hayakuzunguka, kwa kuwa breki zilikuwa zimekamata kwa kutu. Mjomba akafungua plagi, akamimina mafuta kwenye silinda, akajaribu kuizungusha injini kwa mkono. Pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda kama zilizochomelewa. Alikuwa fundi, alijua kwamba kazi ile ni ya siku tatu. Hata hivyo aliendelea mpaka ngozi ya viganja ikamtoka.

Tulimbeba dada kwa machela hadi njia kuu, na alfajiri tukapata lori la korosho. Alifika Mkomaindo, na waganga wakaokoa maisha yake. Mtoto hakuokoka. Alikuwa wa kiume.

Watu wanaweza kusema, na mimi mwenyewe nimejitetea hivyo mara nyingi, kwamba hata kama gari lingetumika kila siku tangu mwaka 1972, lingekuwa limekwisha kabla ya mwaka 1983. Barabara zetu zingelimaliza. Tena lisingefichwa, lingechukuliwa. Kwa hiyo, likitunzwa ama likitumika, usiku ule tusingekuwa na gari. Hoja hii ina nguvu, wala sitaki kuipuuza. Lakini haijibu swali. Swali si kama tulipaswa kulimaliza gari barabarani. Swali ni kama kitu tulichokiweka kwa ajili ya siku ya shida tulikiweka katika hali ya kuweza kufaa siku hiyo.

Sisi tuliolelewa huku hatuna sababu ya kutojua tofauti hiyo. Uwanda wa juu wa Makonde ni mchanga. Mvua ikinyesha huzama chini kabisa, wala hakuna mto. Kabla ya mradi wa maji ulioletwa katika miaka ya 1950, na mara nyingi hata baada yake, bibi zetu waliteremka mabondeni usiku na kupanda na mitungi kichwani alfajiri. Hakuna watu waliojua kuweka akiba ya maji kuliko wao. Lakini sikumwona bibi yangu hata siku moja akiweka maji yasinywewe. Mtungi ulitekwa kila siku, kwa kipimo, ukaoshwa, ukajazwa upya. Mbegu nazo ni hivyo hivyo: mtama wa mbegu huning'inizwa juu ya moshi wa jiko, lakini msimu ukifika hupandwa. Anayeuacha misimu mitatu hana mbegu tena, ana punje zilizokufa.

Hapa Mkomaindo nimeona pia gari la wagonjwa likisimama kutwa nzima chini ya mti. Hapana aliyelaumu kwamba halitembei. Lakini asubuhi dereva hufungua boneti, hutazama maji na oili, huliwasha, hulisikiliza, hulizima. Gari hilo linangoja, na kungoja kwake ni kazi. Datsun ya mjomba ilikuwa imelala tu, na sisi tuliuita usingizi wake akiba.

Mafundi wanalijua jambo hili zamani. Joginder Singh wa Kenya aliposhinda mashindano ya mwaka 1965, Volvo aliyoiendesha haikuwa mpya. Lilikuwa gari lililokwisha kutumika katika mashindano kabla hajalinunua. Chombo kilichofanya kazi kimekwisha kuonyesha udhaifu wake, na mwenyewe anajua pa kukaza. Ambacho hakijajaribiwa kinaficha maradhi yake mpaka siku ya kuhitajiwa. Mjomba alinisimulia habari za Volvo ile mara nyingi, na bado hatukuelewa inatuhusu.

Lakini kwa nini hatukuelewa? Hapa ndipo jibu langu kwa yule bwana lilipokuwa na kasoro, na hapa ndipo nilipopata shida kuandika. Mjomba hakuwa mtu wa kukosa akili. Aliogopa: aliogopa vita, aliogopa barabara, na mwaka ule wa 1983, serikali ilipokuwa ikiwasaka wahujumu uchumi na watu wakatupa bidhaa zao usiku, aliogopa kuulizwa fundi wa kijijini amepata wapi gari kama lile. Hofu yake naielewa. Mimi sikuwa na hofu hiyo. Mimi nilikuwa kijana mwalimu, nimesoma, na nilijua kwamba injini isipozungushwa hukamata. Mara mbili nilitaka kumwambia, "Mjomba, tuiwashe japo mara moja kwa mwezi." Mara zote mbili nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu gari lile lingekuwa langu, na nilitaka nilirithi likiwa jipya. Nilikuwa nikizitazama tarakimu zile na kufurahi kwamba hazisogei.

Mjomba alifariki mwaka 1991, na kweli nikarithi. Miaka 18 nililiacha pale pale bandani. Sikuwa na moyo wa kulitengeneza, wala sikuwa na moyo wa kuliuza.

Jioni ile mnunuzi alipokwisha kulipa na kuondoka, dada yangu alirudi kuchukua vyombo. Alisimama kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kaka, lilitunziwa nani?"

Sikumjibu. Jibu nililijua: nilitunziwa mimi. Nilimpa nusu ya fedha, akazipokea, akanishukuru, na hatujalizungumza tena.

Ndugu msomaji, yumkini huna Datsun bandani. Lakini pengine unayo mashuka mapya sandukuni yanayongoja mgeni, au vyombo vya kabatini ambavyo watoto wako hawajavilia, au ujuzi uliousomea na hujaufundisha, au neno jema unalomwekea mtu mpaka siku itakayofaa. Sikuambii uvimalize leo. Kutunza ni jambo jema, na wahenga hawakukosea waliposema kitunze kikutunze. Nakuomba tu ukifungulie mlango, ukiguse, ukijaribu, ujue kama bado ki hai. Na ujiulize, kabla mwingine hajakuuliza, unamtunzia nani.