Watu Wasiokupigia Kura

Jumamosi, kwenye kilio huko Kadutu, kijana mmoja avoka alikuwa akieleza jinsi anavyowatetea bila malipo akina mama wanaotwanga mawe ya dhahabu Kamituga. Baba yake mdogo akamkatiza: "Batu ya Kamituga ni bandugu yako? Batakupatia nini?" Watu wakacheka. Kijana akainama. Mimi neno lile limenikaa kooni hadi leo.

Limenikumbusha Sir Charles Dilke wa Uingereza. Mwaka 1869 alirithi ubaroneti wa baba yake, cheo kinachoshuka kwa mwana kama kiti cha mwami, ila hakimpi mtu nafasi bungeni. Kura ilimbidi aiombe. Alikuwa avoka tangu 1866 na mbunge wa Chelsea tangu 1868. Mwaka 1886 ilisikilizwa kesi ya talaka ya mbunge mwenzake, aliyemtaja yeye kama hawara wa mke wake, na kiti kikampotea. Alirudi mwaka 1892, akichaguliwa na Forest of Dean, kwa wachimba makaa ya mawe. Uwaziri hakuupata tena.

Ni katika miaka hiyo alipoisemea Kongo, iliyokuwa mali binafsi ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, ambako wanawake walifungwa hadi waume zao walete mpira. Alilipeleka jambo hilo bungeni mwaka 1897. Mei 1903 akasimama tena pamoja na mbunge Herbert Samuel. Bunge likapitisha azimio, na konseli wa Uingereza, Roger Casement, akapanda mto kusikiliza wenyeji. Ripoti ilitoka 1904. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi nchi kwa Ubelgiji.

Utaniambia Waingereza walitafuta soko. Ndiyo, wafanyabiashara wa Liverpool walikuwa na hasira zao za kufungiwa biashara. Na Ubelgiji haukutuletea uhuru, hilo wazee wetu wamelisimulia vya kutosha. Lakini nionyeshe mtu mmoja wa mtoni aliyeweza kumpigia Dilke kura. Hakuwepo. Na bado alisimama, mara ya kwanza, na miaka sita baadaye akasimama tena.

Baba mdogo simlaumu kwa kuogopa njaa; kodi ya nyumba haingojei. Namlaumu kwa kumfundisha avoka kuhesabu ndugu kwanza. Sheria inayoishia kwenye ukoo wako tulikuwa nayo kabla ya chuo kikuu.

Baada ya kilio nilimfuata kijana nje. Kesi inasikilizwa wiki ijayo, na kwa mvua hizi barabara ya Kamituga ni matope matupu. Nimemchangia nauli.