Akili ya Kijana na Namba Moja

Wazee walituachia msemo: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini sisi walimu wa sekondari tunajumlisha pointi zote za kijana, na namba moja inasema atapanda darasa ao hapana. Tuulizane: nani ana haki, msemo ao namba?

Mwaka 1904, Mwingereza Charles Spearman alilinganisha pointi za wanafunzi. Aliona kwamba anayefaulu lugha, mara nyingi anafaulu hesabu pia. Akasema kuko nguvu moja ya akili nyuma ya yote. Mwaka 1938, Louis Thurstone wa Chicago alipinga, akagawanya akili katika sehemu saba: maneno, hesabu, ukumbusho, kuona maumbo na nyingine. Lakini mwaka 1941, yeye na mke wake Thelma walipopima vijana wa shule, walikuta sehemu zile zenyewe zinafuatana. Basi akili ni kama muti: matawi ni mengi, shina linayaunganisha.

Hapa tuangalie vizuri. Kufuatana kule ni habari ya kundi, siyo ya kila mtoto. Kuko kijana dhaifu katika sarufi ya Kifaransa, lakini kwenye kisolo, ule mchezo wa Waluba wa vishimo na mbegu, anahesabu mbele kuliko wenzake. Jumla inamumeza. Tena jumla haisemi sababu: njaa ao lugha ngeni inaweza kushusha masomo yote pamoja.

Inchi yetu ina ushuhuda. Mwaka 1956, André Ombredane na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la picha walilorudilia kwa watu wa Kongo. Kwa kurudilia, pointi zilipanda. Watu ni wale wale. Kilichoongezeka ni mazoea. Je, aliyepimwa mara moja tu, tumuite mjinga?

Hatusemi mitihani itupwe. Pasipo namba, nafasi zitagawanywa kwa undugu na kwa pesa, na mtoto wa maskini atakuwa wa kwanza kufukuzwa. Lakini namba ifungue maulizo, isifunge mlango. Wazee walimujua kijana shambani, mtoni, na usiku kwenye vitendawili. Sisi nasi, mbele ya kuandika “ameshindwa”, tutafute kwanza ni tawi gani limekauka, na lipi lingali bichi.