Mti Ambao Hatukuupanda



Siku hizi wengi wetu, Ipelele, Njombe hata Makambako, tunafyeka mapori yetu tupande misindano au parachichi. Hilo si baya, maana ada za watoto hutoka huko. Lakini Mkristo akikuta shambani mwake mti wa matunda ya porini, ambao hakuupanda yeye wala babu yake, je, ana haki ya kuukata apendavyo? Na mtoto wa jirani akiokota matunda yake, ni mwizi?

Tuutazame mkusu. Huku Ipelele kwenye baridi kali hatuutegemei, bali katika miombo ya upande wa Makambako unajulikana: majani mapana, magumu, yaliyokusanyika nchani mwa matawi, na matunda ya mviringo yenye nyama tamu, yanayoiva majira ya mvua, ghala zinapopungua. Mikusu ni miume na mijike, kama mipapai. Ule mume hutoa maua tu. Mwenye shamba huungoja miaka, huona hauna faida, akautia shoka. Kumbe ndio uliokuwa ukiizalisha mijike ya jirani, ng'ambo ya mpaka. Katika Luka 13 mtunza shamba aliuombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi. Mkusu mume tungeuombea zaidi ya hapo, kwa kuwa matunda yake yako juu ya mti mwingine!

Basi kusema "shamba ni langu" hakutoshi. Nyuki hawaujui mpaka wetu. Tena mkusu wa mbegu huchukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kuzaa. Kumbukumbu la Torati 20 iliwakataza askari kukata miti ya matunda hata ya mji wa adui waliouzingira, na sisi hatuna vita na jirani.

Kuhusu mwokotaji, sura ya 23 ya kitabu hichohicho humruhusu mtu kula zabibu za jirani mpaka ashibe, ila asizitie chomboni. Twaona kipimo ni hicho. Mtoto achungaye mbuzi na ale. Ajaye na gunia ili akauze barabarani, aombe ruhusa. Na akiwa ni mjane, mwenye shamba akumbuke Walawi 19 kabla ya kumjibu.

Liko jambo gumu zaidi. Mwenye ekari moja tu, tena ana deni, tumwambie auache mti usiompa senti? Huyo hatuthubutu kumhukumu. Tungependa tuanze na mashamba ya kanisa, ambayo hayana njaa. Kabla ya kufyeka, wazee wa kanisa wamwite bibi anayeijua miti, apite na watoto, afunge kamba kwenye mikusu, misaula na mizambarau ya mwitu, miume pia, wakati wa maua ndipo itambulikane. Na watoto waonywe wasionje tunda wasilolijua kwa kuwa tu wameona ndege akilila.