Deni la Mwana Aliyetumwa Ng'ambo

Katika sharika zetu si ajabu tena kusikia ya kuwa kijana fulani amekubaliwa katika chuo kikuu cha nchi ya mbali. Habari hiyo hupokewa kwa furaha. Wazee huitwa, changizo hufanywa, na watu hutoa kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake: huyu fedha, huyu mbuzi, huyu mkungu wa ndizi unaouzwa mnadani baada ya ibada. Kisha kijana huombewa mbele ya madhabahu, naye huondoka. Lakini neno moja halisemwi, nalo ndilo ninalotaka tulifikiri pamoja: Je, huyu aliyetumwa anadaiwa nini na hao waliomtuma?

Swali hili si dogo, maana kwa ajili yake ndugu wameacha kusalimiana. Baada ya miaka mitano au sita usharika wasema, "Tulimsomesha, naye ametusahau." Kijana naye asema moyoni mwake, "Walinipa zawadi, na sasa waidai kama mkopo." Wote wawili waona wamedhulumiwa, wala hakuna aliyesema uongo. Wahenga walisema, Dawa ya deni ni kulipa. Lakini atalipaje yeye asiyeambiwa anadaiwa nini?

Kwanza tuitazame safari yenyewe, maana wengi watoao hawajui gharama zake. Tuchukue mfano wa Ujerumani, nchi ambayo makanisa yake yana urafiki wa zamani na kanisa letu. Vyuo vikuu vingi vya serikali huko havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg lilianza mwaka 2017 kuwatoza wanafunzi wengi watokao nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Watu wakisikia kwamba hakuna ada, hudhani kazi iliyobaki ni nauli tu. Sivyo. Mwanafunzi aombaye viza hutakiwa kuonyesha ya kuwa anazo fedha za kumtunza mwaka mzima, na njia ya kawaida ni kuziweka katika akaunti iliyofungwa. Mwezi wa Septemba 2024 kiasi hicho kilipandishwa kuwa euro 11,904. Wala hawezi kuzichukua zote mara moja, bali euro 992 kwa mwezi. Katika hizo alipe kodi ya chumba, chakula, na bima ya afya ambayo ni ya lazima. Tena wako ambao vyeti vyao havitoshi kuwaingiza chuoni moja kwa moja, nao husoma kwanza mwaka mmoja wa matayarisho. Na masomo mengi hudai mtihani wa lugha ya Kijerumani. Kazi ya mshahara huruhusiwa kwa kipimo: sheria iliyoanza Machi 2024 iliweka siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280.

Hapo ndipo kutoelewana kunapoanzia. Aliye nyumbani akisikia euro 992, huzigeuza kuwa shilingi, akaona utajiri, akauliza mbona hakuletewa kitu. Aliye ugenini huzigawanya kwa siku thelathini, akaona upungufu, akauliza mbona hakumbukwi. Na kama fedha zile za akaunti zilikopwa kwa siri ili zionekane tu, basi kila mwezi zitokapo zarudi kwa mwenyewe, na kijana alala njaa katika nchi ya baridi. Safari iliyoanza kwa kuficha huendelea kwa kuficha. Ataandika nyumbani kwamba hali ni njema, hata siku atakaposhindwa masomo.

Basi, kuna makosa mawili ambayo yatupasa kuyaepuka. Kosa la kwanza ni la watumaji wasemao, "Kwa kuwa tumetoa, wewe ni wetu." Mtu hanunuliwi. Aliyemkomboa ni mmoja tu, wala si kamati ya changizo. Kosa la pili ni la msomi asemaye, "Nilifaulu mitihani kwa akili zangu, sina deni kwa mtu." Akili hazikumlipia nauli. Yuko mjane aliyeuza kuku wake ili mwana wa mwenzake asome, naye hawezi kuhesabiwa kuwa si kitu.

Tuangalie jinsi mtume Paulo alivyofanya katika Waraka kwa Wafilipi. Alipokea msaada wao, akautaja wazi mbele ya wote, hata akakumbusha ya kuwa walimsaidia tangu alipokuwa Thesalonike. Hakuuficha wala hakuudharau. Lakini pia hakujiweka chini yao kama mtumwa wao, bali alibaki mtumwa wa Kristo. Shukrani yake ilikuwa kamili, na uhuru wake ulikuwa kamili.

Labda mtu atasema, "Kati ya ndugu, mapatano ya nini? Kuandikiana ni kutoaminiana." Nami namjibu kwa habari ya Ibrahimu katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23. Alipotaka mahali pa kumzika Sara, Efroni Mhiti alimwambia alichukue shamba bure. Maneno yalikuwa matamu. Lakini Ibrahimu alimpimia shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi langoni mwa mji. Je, alimtukana Efroni? Hasha. Alitaka wajukuu wake wasije wakagombana na wajukuu wa Efroni juu ya zawadi ambayo haikueleweka. Upendo hauharibiwi na maneno ya wazi. Unaharibiwa na matumaini yaliyofichwa.

Kwa hiyo nadhani kila fedha itolewayo ipewe jina lake kabla kijana hajapanda ndege. Kama ni zawadi, isemwe kuwa zawadi, na mtoaji asiidai tena hata kwa kunung'unika. Kama ni mkopo, kiasi kitajwe na wakati wa kulipa utajwe. Na kama ni utume, yaani usharika wamtuma mtu akajifunze udaktari au ualimu ili arudi kuwahudumia, basi kazi itajwe na miaka itajwe. Lakini hapo usharika nao una deni: kumtengenezea mahali pa kazi na ujira wake. Ni dhuluma kumwita mtu arudi, kisha kumwacha akae bila kazi huku tukimlaumu kwamba hakuleta kitu. Na aliyeahidi utume, akiona hawezi kurudi, asijifiche. Na aje awaambie waliomtuma, aombe kufunguliwa au alipe.

Huenda mtu akauliza, "Na wazazi je? Kama walitoa zawadi, mwana yuko huru kuwaacha?" La. Lakini sababu yake si nauli. Amri ya nne, kama tulivyofundishwa katika Katekisimo Ndogo, yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, nayo yamfunga hata mwana ambaye hakusomeshwa siku moja. Bwana Yesu aliwakemea waliotumia korbani ili kukwepa kuwasaidia wazazi wao. Tusichanganye mambo haya mawili. Deni la mapatano lina kiasi na lina mwisho. Wajibu wa mtoto kwa mzazi hauna risiti, kwa hiyo mzazi asiugeuze kuwa hesabu, wala mtoto asiseme, "Nimekwisha kulipa."

Tunaye pia wa kutukumbusha. Josiah Kibira wa Bukoba alisoma Bethel huko Ujerumani, na tena Boston huko Marekani, akarudi. Mwaka 1964 akawa askofu kwao, na mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilimchagua kuwa rais, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. Alirudi kwenye kazi iliyokuwapo, na kazi hiyo ikamrudisha tena ulimwenguni. Kurudi nyumbani hakukumfunga.

Basi, wazee na waalimu wa sharika, mtakapoita changizo lijalo, msianze na bakuli. Anzeni na swali hili, kijana akiwa amekaa kati yenu, na wazazi wake wakisikia. Jibu liandikwe, lisomwe mbele ya watu. Ndipo mwombeeni na kumwacha aende kwa amani, akiwa anajua deni lake na ninyi mkijua lenu.