Rafiki Mwenye Wateja

Jumatano moja, baada ya maombi ya jioni, binti mmoja wa usharika wetu alibaki kwenye benchi wenzake walipoondoka. Tulimfundisha Kipaimara, tukamwona akienda chuo, na mwaka huo tulikuwa tumemshukuru Mungu pamoja na wazazi wake kwa kuwa alikuwa amepata ajira benki, afisa mikopo, upande wa mikopo ya nyumba. "Shikamoo, Baba Mchungaji," akasalimia, kisha akakaa kimya kidogo. Mkuu wake wa kazi alikuwa amemwambia kwamba mtu anayetafuta nyumba haanzi benki, huanzia kwa dalali. Kwa hiyo kazi yake ya miezi ya mwanzo ilikuwa kuwatafuta madalali, kuwazoea, kunywa nao chai, kuwauliza habari za watoto wao, ili siku wakipata mteja ambaye fedha zake hazitoshi, jina la kwanza kuwajia kichwani liwe lake.

"Sasa Baba," akauliza, "nikimfanya mtu rafiki kwa sababu ana wateja, si ninamdanganya?"

Sisi wachungaji huwa na majibu ya haraka, na hata siku hiyo tulikuwa nalo moja mdomoni. Lakini kabla hatujalitoa akaongeza ombi: je, tungeweza kumtambulisha kwa washarika siku ya Jumapili, wakati wa matangazo, ili wenye shida ya nyumba wamjue? Swali tulilijibu jioni ile ile. Ombi lilitunyima usingizi, na sababu yake tutaieleza mbele.

Kazi ya dalali wengi wetu tunaijua kwa upande wa kupanga. Kodi ya mwezi mmoja ni yake, na mjini siku hizi kuna hela ya kuonyeshwa chumba hata kama hukukipenda. Kwenye kuuza kuna asilimia yake, na mara nyingine kuna cha juu: mwenye nyumba anataka milioni 40, mnunuzi anatajiwa 46, na hizo sita katikati hazina risiti. Tusiwaseme vibaya wote. Wapo madalali wanaojua historia ya kila kiwanja katika mtaa kuliko ofisi yoyote, na wapo waliowaokoa watu wasinunue ugomvi wa urithi. Mmoja wa wazee wetu wa usharika ni dalali, na hatujawahi kusikia mtu akimlalamikia.

Mkopo wa nyumba kwetu bado ni jambo geni. Sheria ya kuwezesha mikopo hiyo ilitungwa mwaka 2008, na kampuni ya kuzipatia benki fedha za muda mrefu kwa ajili hiyo, TMRC, ilianzishwa mwaka 2010. Kabla ya hapo, na kwa wengi mpaka leo, nyumba hujengwa tofali kwa tofali, mshahara kwa mshahara, mpaka watoto wanamaliza shule bado sebule haina sakafu. Ndiyo maana dalali huuogopa mkopo. Muuzaji anataka fedha mkononi. Benki inataka hati, inataka mthamini aje, inataka upekuzi kwa msajili wa hati, inataka ridhaa ya mke au mume. Wiki zinapita. Mwishoni mteja akikataliwa, muuzaji amekasirika na dalali amepoteza mwezi mzima. Binti yetu alidhani madalali wanamkwepa kwa sababu hajawanunulia soda za kutosha. Tulipomsikiliza zaidi tukaona wanamkwepa kwa sababu hawajui kama neno lake linaaminika.

Kuhusu urafiki tulimjibu kwa hadithi ya Ibrahimu. Sara alipofariki, Ibrahimu alikuwa mgeni katika nchi ile, hana hata shimo la kumzika mkewe. Alilitaka pango la Makpela, mali ya Efroni Mhiti, lakini hakumwendea Efroni faraghani. Aliinama mbele ya wenyeji, wana wa Hethi, akawaomba wao wamsemee kwa Efroni. Aliwahitaji kwa sababu walikuwa na neno kwa mwenye shamba, na hakulificha hitaji hilo. Mwanzo 23 inatuonyesha kwamba mazungumzo yote yalifanyika langoni, watu wakisikia, na fedha, shekeli 400, zikapimwa mbele yao. Kumhitaji mtu hakuharibu urafiki. Mama anayemsalimia kila siku muuza mkaa kwa kuwa anataka kipimo kizuri hamdanganyi, maana wote wawili wanajua, na salamu inabaki salamu. Uongo huanza pale ninapokuuliza hali ya mwanao huku nikiwa tayari kukusahau siku utakapohamia biashara nyingine. Hilo mtu hulijua mwenyewe moyoni, na hakuna mchungaji awezaye kumpimia.

Lakini tulipofikiri zaidi tuliona kwamba binti alikuwa akiwatazama watu wawili tu, yeye na dalali. Kuna wa tatu. Kuna mwalimu, au muuguzi, au kijana mwenye pikipiki tatu anayetaka kumpa mama yake pa kukaa, na anamwuliza dalali, "Unamjua mtu benki?" Dalali akisema, "Nenda kwa dada fulani, mwambie nimekutuma mimi," yule mtu anaacha kuuliza. Hazunguki tena kulinganisha riba. Anaamini kwamba ametumwa kule kwa sababu kule ni kwema kwake. Imani hiyo ni mali yake yeye. Wawili wale wanaibeba tu kutoka mkono hadi mkono, na ikiwa katikati yao kuna bahasha ambayo yeye haijui, wamekula mali yake.

Wapo watakaotukumbusha wakili dhalimu wa Luka 16, aliyejipatia marafiki kwa kupunguza madeni. Tumeuhubiri mfano ule mara nyingi na bado unatusumbua. Hata hivyo Bwana hakuficha kwamba wakili yule alikuwa akigawa mali isiyo yake. Alichosifiwa ni busara.

Katika dunia hii hata wasiokiri imani yetu wameliona jambo hili. Marekani walitunga sheria mwaka 1974 inayokataza kutoa au kupokea kitu cha thamani kwa ajili ya kumpeleka mteja kwenye huduma zinazohusu mkopo wa nyumba, isipokuwa malipo ya kazi iliyofanyika kweli. Kwetu, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwa watumishi wa serikali. Inamgusa hata aliyeajiriwa na kampuni binafsi. Lakini sisi ni watu wa takrima. Tuliwahi hata kuiweka takrima kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Mtu akija na kuku hatumwulizi kuku anasema nini. Naye Luther mwaka 1524, akiandika juu ya biashara na riba, hakuikataa biashara. Alisema inaweza kufanywa Kikristo. Alichokishambulia kwa ukali ni kanuni ya wafanyabiashara kwamba nauza kwa bei ya juu kadiri niwezavyo, kana kwamba jirani hayupo. Na kila aliyekaa darasa la Kipaimara anakumbuka kwamba Katekisimo Ndogo haiachi amri ya saba iishie kwenye kutoiba, bali inatutaka tumsaidie jirani ailinde mali yake.

Sasa tuseme lililotunyima usingizi.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunaezeka jengo la Shule ya Jumapili. Akaja mtu mwenye mradi wa viwanja, mtu mwenye heshima, anajua kuomba, akatuchangia bati za kutosha upande mmoja wa paa. Hakudai kitu. Baada ya wiki mbili akaomba dakika tano kwenye matangazo. Tungemkatalia vipi? Tulimsimamisha mbele, tukasema ni ndugu yetu, tukawaambia washarika wanaotaka kiwanja wamwone nje baada ya ibada. Hatukuwa tumeona hati yoyote. Hatukusema neno juu ya bati. Familia tisa zilitoa fedha. Baadaye ilionekana kwamba sehemu ya eneo lile ilikuwa imeshauzwa kwa watu wengine, na familia mbili mpaka leo hazina kiwanja wala fedha. Mama mmoja kati yao hakutukasirikia, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Alisema tu, "Mimi sikumjua yule, Baba. Nilikujua wewe."

Kwa hiyo binti alipokuwa akituuliza kama ni dhambi kutafuta wa kumletea wateja, alikuwa anamwuliza mtu ambaye ameshaleta wateja na ameshalipwa, kwa bati. Tulimweleza habari hiyo yote. Ilikuwa vigumu, maana alikuwa mtoto darasani tulipolifanya, na darasa lenyewe lilikuwa chini ya zile bati.

Paulo naye aliwatambulisha watu. Alimtambulisha Fibi kwa Warumi, naye mwenyewe alikuwa amewahi kushikwa mkono na Barnaba na kupelekwa kwa mitume waliomwogopa. Lakini tunapolitafakari jambo hili tunamrudia Onesimo. Paulo anamrudisha kwa Filemoni na barua, na katika barua ile anasema kwamba kama kuna deni liandikwe kwake yeye Paulo. Hapo anayemtuma mtu ndiye anayebeba gharama. Hatusemi afisa mikopo alipe madeni ya wateja; benki itafungwa, na Mithali zenyewe zinaonya sana juu ya kudhamini. Ila tukimtuma mtu mahali, kuna gharama moja ndogo inayotupasa: kwenda kwanza kuona wenyewe, na kumwambia tunachopata.

Tulimkatalia lile tangazo la Jumapili. Alisikitika, na mama yake alisikitika zaidi. Tulimshauri awaendee madalali na kitu wanachokihitaji: awaambie ndani ya siku mbili mteja huyu atafika au hatafika, na kwa nini, akague karatasi kabla mnunuzi hajatoa hata shilingi ya kishika uchumba, na ambapo kuna asilimia ya mtu yeyote, mteja aisikie kabla ya kusaini. Akishindwa kulisema mbele ya mteja, asilifanye.

Mwezi wa tatu alimkataa mteja wake wa kwanza mkubwa. Nyumba ilikuwa nzuri, hati ipo, lakini mke wa muuzaji alikuwa kijijini na hajui kama nyumba inauzwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda mke wa namna hiyo, lakini dalali alisema saini inapatikana mjini kwa urahisi. Binti akasema haipokei. Dalali akaacha kupokea simu zake kwa wiki tatu, na malengo ya mwezi hakuyafikisha. Kisha siku moja akampigia yeye mwenyewe: ana mama mjane anayetaka nyumba ndogo, je, anaweza kuzitazama karatasi kwanza?

Mama yule wa kiwanja bado anasali kwetu, ibada ya kwanza, upande wa kinamama. Baraza la wazee limekaa mara mbili kuzungumzia kama usharika unadaiwa thamani ya zile bati na familia mbili zile. Mara ya kwanza hoja iliahirishwa. Mara ya pili yule mzee wetu aliye dalali ndiye aliyesimama kusema kwamba tunadaiwa, na mhasibu akaombwa alete bei ya bati ya mwaka ule.